Kumwachisha Oliver Noti ya Asubuhi

Mokeira alikuwa anakanda unga wa mandazi, mikono yote miwili ndani ya karai, Barnabas aliposimamisha pikipiki mbele ya kibanda na kumpa hongera: mwanawe amepata kazi. Mokeira hakuuliza kazi gani. Aliendelea kukanda, maana unga haungoji habari. Kibanda chake kiko Uriri, pale barabara ya sokoni inapoachana na lami, na mbele yake kuna benchi la ubao mmoja ambalo wenyewe huliita Bunge. Wengine wote pale huuza chai. Mokeira, aliyetoka Kisii akifuata biashara, huuza kahawa, na ndiyo maana Bunge lilihamia kwake. Asubuhi hiyo walikuwa wamekaa wawili wa kudumu. Mmoja ni mzee Onsongo, anayeitwa Spika kwa sababu hawezi kusikia jambo bila kulitolea uamuzi. Wa pili ni Angwenyi, muuza dawa za mifugo, anayeitwa Daktari ingawa hakuna aliyewahi kuona mnyama akipona mikononi mwake. Barnabas mwenyewe ni Redio. Kwenye ncha ya benchi aliketi mwanamke mgeni na marobota yake ya mitumba, akingoja gari.

— Kazi gani, Redio? Spika aliuliza. Sema vizuri, usipakue nusu.

— Nimemwona Ogwedhi, kwa soko ya ng'ombe. Nilikuwa nimepeleka mteja. Oliver amevaa koti refu jeupe kama madalali, anafungua ng'ombe mdomo, anaangalia meno, anaambia mnunuzi hii ni ya umri gani. Watu wamepiga laini, omera, ndugu yangu! Na wanalipa.

— Leo? Mokeira aliuliza.

— Leo, min Oliver, alijibu, akimwita mama Oliver kwa Kijaluo. Na si mara ya kwanza. Niliuliza.

Mokeira akaacha kukanda. Leo hii Oliver alikuwa ameondoka nyumbani na noti ya mama yake mfukoni, ya nauli ya Homa Bay na ya chakula cha mchana, kwenda kutafuta kazi. Alikuwa na diploma ya afya ya mifugo, ndevu, na chumba chake cha pembeni alichojengewa na baba yake alipomaliza shule. Mdogo wake Valentine alikuwa kidato cha pili, na kiatu chake cha kushoto kilifungwa kwa waya.

— Na mimi nampa pesa ya mfukoni mpaka leo, alisema, kama anayeliambia karai.

Bunge likakaa sawa.

— Oda! Spika alisema. Swali liko mbele ya Bunge. Mtoto anakatwa pesa ya mfukoni lini?

— Akiota ndevu, Barnabas alijibu.

— Ndevu ni uongo. Na wasichana je, utawangoja mpaka lini? Hapana. Ni kiatu. Siku mguu wa mtoto unaingia kwa kiatu ya baba yake, kwisha. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Sasa hapo mgeni ni nani, Spika?

— Ni mguu.

— Mguu yangu iliingia kwa kiatu ya baba nikiwa darasa la tano. Si ningekufa njaa?

— Ungekufa na viatu.

Daktari aliweka kikombe chini, polepole, kama mtu aliyeitwa kusaidia.

— Nyinyi mnaongea kama watu hawajawahi kuona ndama. Ndama haachishwi kwa maneno. Unapaka chuchu za mama yake mavi, anaonja mara moja, anageuka, anatafuta nyasi mwenyewe. Mama Oliver, nenda nyumbani, upake noti pilipili.

— Noti gani?

— Zote. Kijana anashika, anajipangusa jicho, basi. Ameachishwa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Oliver si mbichi, Daktari. Ako na diploma.

— Basi mkaange.

Mokeira alicheka bila kupenda. Alinawa mikono, akazunguka na birika, akawajazia. Kisha akasimama nalo mkononi.

— Shida si pesa, alisema. Huyu Truphena wa nyanya hapa ng'ambo, si mnajua alimkatia kijana yake pesa? Kijana akanyamaza, akafuata madalali wa ng'ombe, wakavuka mpaka pale Sirare, wakaingia Tanzania. Mpaka leo Truphena anasikia habari zake kwa watu wa malori. Oliver wangu, akichukua ile noti asubuhi, jioni anarudi.

Hakuna aliyetazama ng'ambo ya barabara, ingawa Truphena alikuwa pale, akipanga nyanya zake.

— Ndiyo maana mimi nasema usikate, Barnabas aligeuka bila aibu. Asiyefunzwa na mamaye hulipwa na mamaye.

— Redio, hiyo methali ulipeleka gereji gani?

— Nyamazeni, Spika alisema. Nimepata sheria. Kijana anasoma meno ya ng'ombe, si ndiyo? Basi na yeye asomwe. Jino la mwisho kabisa likitoka, kule nyuma, chifu anaita baraza. Mzazi anamfungua mtoto mdomo mbele ya mashahidi. Wakiliona, anapewa cheti. Bila cheti, mzazi haruhusiwi kukata hata shilingi.

— Na mtu kama wewe, umebaki na mawili ya mbele?

— Mimi nimeshazunguka nikarudi mwanzo. Mimi sasa ndiye wa kupewa.

— Na nani?

— Watoto wangu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na wanakupa?

Spika alikunywa kahawa yake, akaiangalia, akainywa tena.

Hapo ndipo yule mwanamke wa marobota alipogeuka. Jina lake Nyakerario, alikuwa ametoka Isebania, na alikuwa akinywa kahawa yake tangu mwanzo.

— Samahani, wazee wangu, mimi ni mpita njia tu. Mama, huyo kijana huiomba hiyo pesa?

Mokeira aliweka birika chini. Kila asubuhi yeye mwenyewe huiweka ile noti chini ya kikombe cha chai cha Oliver, kabla kijana hajanawa uso. Alitafuta kichwani siku ambayo Oliver alisema "nipatie", tangu amalize chuo, asiipate. Hata Homa Bay, ni yeye Mokeira aliyekuwa akiitaja: nenda Homa Bay, jaribu tena.

— Huomba kwa macho, Spika alijaribu.

— Huomba kwa kukawia kutoka, Daktari alisema.

— Nimemuuliza mama, Nyakerario alisema kwa upole.

Gari lake likafika. Alilipa kahawa, akasaidiwa kupakia marobota, akaenda, na swali akaliacha kwenye benchi. Barnabas alinyoosha kikombe. Mokeira aliinamisha birika, likatoa machicha.

— Imeisha.

— Lakini hatujapiga kura!

— Pigeni mkienda.

Jioni alikuwa anasonga ugali, mboga ya managu imeshaiva kando, Oliver alipotokea mlangoni. Koti hakuwa nalo, lakini viatu vilinuka zizi.

— Ogwedhi kulikuwaje? Mokeira aliuliza bila kugeuka.

Oliver alisimama.

— Nani amekuambia?

— Ng'ombe.

Kijana alicheka kidogo, kisha akaacha.

— Ningesema, mama. Nilikuwa nangoja nione kama itashika.

— Na noti yangu ulikuwa unachukua.

— Si uliweka kwa chai? Mtu anarudishaje kitu mama yake ameweka mezani? Ungesema nimekukataa.

Mokeira aligandamiza ugali kwa mwiko. Sheria hiyo ilikuwa yake. Tangu wakiwa wadogo aliwafundisha kwamba kilichowekwa mbele yako na mama hakisukumwi, hata ukiwa umeshiba, na anayesukuma ametangaza ugomvi. Hakujua ingeshika namna hiyo.

— Kesho sitaweka.

— Sawa.

— Na hao madalali wakikuambia mvuke Sirare?

— Walishaniambia. Nikawaambia hiyo saa ya kuvuka ndiyo saa yetu ya kula.

— Usiniletee maneno matamu. Kiatu cha Valentine utanunua wewe.

— Cha kushoto tu?

— Vyote viwili, mjinga. Nenda unawe, unanuka Ogwedhi.

Baba yao, Ondieki, aliingiza baiskeli. Valentine alikunja vitabu. Arasa, kitinda mimba, aliitwa kutoka kwa jirani, akaitwa tena, akaja akiburuta miguu. Kwao watoto hawahesabiwi, si kwa kidole wala kwa mdomo, ni mwiko. Kwa hiyo Mokeira alihesabu sahani zikimtoka mkononi, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki ameshika ya kwake. Zote zilikuwa zimepata mtu. Akakaa chini, akala.