Risala ya Wafanyakazi wa Mabanda ya Ng'ombe, Umm Salal: Kwato, Mashilingi na Jina la Cherotich

17 Oktoba 2019

Mgeni rasmi, Daktari Khadija Abdulrahman, Mkuu mpya wa Tiba ya Mifugo wa shamba letu, Bwana Msimamizi, wenzetu wa zamu ya leo, nanyi mliokatiza usingizi wa zamu iliyopita: amani ya Mungu iwe juu yenu nyote.

KARIBU

Daktari, tuliposikia kwamba daktari mkuu mpya ni mtu wa Wete, Pemba, jikoni kambini palipigwa vigelegele hadi wali ukaungua. Kwa miaka miwili tumeeleza magonjwa ya ng'ombe kwa mikono, kwa Kiarabu cha kuokoteza, na wakati mwingine kwa kuchechemea sisi wenyewe mbele ya madaktari ili waelewe. Leo umekuja kutufungulia banda la matibabu, nasi tumepata mtu wa kumweleza mambo kwa Kiswahili. Tumefurahi mno.

HISTORIA

Sisi ni wafanyakazi ishirini na saba kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Ng'ombe wa shamba hili waliletwa huku jangwani kwa ndege mwaka 2017. Sisi tulifuata miezi michache baadaye, na kwa wengi wetu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupanda ndege, kama ilivyokuwa kwao. Kwa hiyo hatukuwa na la kuwacheka.

Joto la mwaka jana lilitutia adabu. Ng'ombe walisimama kutwa chini ya feni na maji ya kupoza, juu ya saruji iliyolowa, wakikataa kulala. Kufikia Septemba, kati ya ng'ombe mia nne, themanini na wawili walikuwa wanachechemea.

MAFANIKIO

Septemba ya mwaka huu waliochechemea ni kumi na mmoja. Tungeweza kusema ni juhudi zetu sote, kama risala zinavyopenda kusema, lakini hapo tungekuwa tunakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kazi hii ilianzwa na Cherotich, mfagiaji wa sehemu ya kukamulia, aliyeajiriwa na kampuni ya usafi. Siku moja aliona damu kidogo kwenye maji anayoyasukuma, akaifuata hadi kwa ng'ombe mmoja ambaye sisi tulimwona mzima. Akatuambia, "Nyinyi mnaangalia tu mguu. Angalieni mgongo."

Tukaangalia. Ng'ombe mwenye kwato nzima hutembea mgongo umenyooka; anayeumia huupinda. Tulipomwita daktari wa wakati ule, akainua mguu wa nyuma na kuchonga kwato ya nje, alikuta kidonda kimejificha kwenye unyayo. Akagundisha kibao chini ya kwato ya pili ya mguu huohuo, iliyo nzima, ili hiyo ibebe uzito na ile nyingine ipumzike. Baada ya wiki tano yule ng'ombe alikuwa anatuacha nyuma.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya kukamua, Cherotich husimama mlangoni na fagio lake, akituonyesha nani apelekwe kwa daktari. Aliyafunza macho yake kwenye ng'ombe saba wa baba yake, huko Bomet. Sisi kazi yetu ni kuwapitisha wote kwenye dimbwi la mrututu, ile dawa ya buluu ya kuoshea kwato, mara tatu kwa wiki, na kurushiwa mateke.

CHANGAMOTO

Changamoto za kawaida zipo, na Bwana Msimamizi anazijua. Iko moja ambayo haijui, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mwishoni mwa Agosti, mitamba sita walitokwa na mabaka ya kijivu ya mviringo kuzunguka macho na shingoni. Hamisi, mtu wa Handeni, akasema, "Huo ni utitiri. Kwetu hayo unayapaka oili chafu ya trekta. Wiki moja tu, kwisha." Tukaitikia kwamba hata Bungoma ni hivyo, hata Mbale ni hivyo.

Cherotich akakataa. "Ingekuwa utitiri, wangejikuna kwa ukuta. Hawa hawajikuni. Haya ni mashilingi, ile choa ya kuambukiza, hata Trevor wenu ako nayo kwa mkono. Ngojeni daktari. Hiyo oili na hii jua, mtawachoma."

Tukaona mfagiaji amezidi ujuaji. Alipokwenda kula, tukapaka.

Ngozi ikababuka. Wawili wakasusa chakula. Daktari aliyekutangulia alikwangua magamba, akayapeleka maabara, na jibu likarudi kuwa ni mashilingi. Mitamba wakatengwa, wakaoshwa kwa dawa yake, na tunashukuru kwamba wote sita wamepona na manyoya yanaota. Lakini debe la oili lilikutwa kwenye stoo ya mafagio, tulikolificha sisi. Bwana Msimamizi aliuliza ni la nani. Cherotich alitutazama, nasi tukatazama chini. Hakututaja, kwa kuwa alijua baadhi yetu tuna onyo la kufukuzwa tayari.

Kampuni yake imeambiwa imwondoe. Jumapili anarudishwa Kenya, na kwenye karatasi yake imeandikwa kwamba aliwaunguza ng'ombe. Bwana Msimamizi, wewe uliamini ulichokikuta. Sisi ndio tunaoona haya. Wiki saba tumekula naye sinia moja, na hajatusimanga hata mara moja. Yuko pale nyuma sasa hivi, na hakujua kwamba tutayasoma haya.

MAOMBI

Risala hii ilikuwa na maombi manane, yakiwemo basi la kwenda Al Rayyan siku ya Ijumaa na friji ya kambini. Jana tumeyafuta saba kwa kauli moja, ingawa Harun aliililia friji kidogo.

Tunaomba moja. Karatasi ya Cherotich ifutwe kabla ya Jumapili, na ahamishiwe kwetu, awe msaidizi wako katika banda unalolifungua leo. Hutapata jicho kama lake. Adhabu, kama ipo, ije kwa wenyewe.

Mungu akujalie afya, Daktari, aibariki mikono yako na kila kwato itakayopita ndani yake.

Kwa desturi hapa ndipo tungeandika jina la kikundi na kuketi. Leo tunaandika majina ya tuliopaka oili:

Hamisi.
Athanas.
Trevor.
Harun.
Na mimi ninayesoma, Nafula, niliyeshika debe.