Mzee Kidirisha na Pacha wa Binti wa Dobi

Kwa miaka thelathini na sita fundi wetu wa mashine ya sinema amefanya kazi juu ya vichwa vya watu, na Ijumaa iliyopita aliteremka ngazi akiwa mstaafu. Watazamaji wengi hawakuwahi kumwona uso. Walichokijua ni kile kitundu cha ukutani, nyuma ya viti vya mwisho, unakotokea mwanga. Wakambatiza Mzee Kidirisha, na hata mkewe akimkasirikia humwita hivyo hivyo.

Aliajiriwa kama mfagiaji. Inasemekana siku moja alipanda kufagia chumba cha mashine wimbo ukiwa umekolea, akasimama na ufagio wake kutazama vumbi alilolitimua mwenyewe likigeuka dhahabu ndani ya ule mwanga. Hakushuka. Meneja wa wakati ule akaona ni nafuu kumfundisha kazi kuliko kumwita kila siku.

Picha zetu ni za Kihindi, na Kihindi hajui mpaka leo. Wala sisi. Lakini umkute anaipaka mashine mafuta: anaimba nyimbo zote, neno kwa neno, kwa uchungu mkubwa, bila kujua analia nini. Zilikuwapo jioni ambazo mvua ilipiga bati la ukumbi huku pazia jeupe likiwa na jua la milimani na binti anazunguka na shela yake, na hapo hakuna aliyekuwa na hakika yuko wapi. Makalio yetu yalikuwa kwenye viti vilivyotoboka. Miguu yetu ilikuwa kwenye maua.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwa Mzee Kidirisha kuteleza kulijaza ukumbi. Kila picha ilikuja kwa mikanda mingi, kila mkanda na kopo lake, na wakati mmoja paa lilivuja, namba za makopo zikafutika. Akakisia mpangilio. Mama yake stelingi, yule shujaa wa picha, mama tuliyekwisha kumzika kwa machozi, akatokea jikoni anakanda unga. Ukumbi ukapigwa na butwaa. Ndipo fundi cherehani wa mstari wa mbele, ambaye hajawahi kukosa picha, akapaza sauti: "Huyo pacha wake, nyie! Picha ya Kihindi bila pacha mliiona wapi?" Watu wakaridhika kabisa. Wiki iliyofuata mikanda ilipopangwa sawasawa, sisi wafanyakazi tulizomewa: pacha mmempeleka wapi?

Mkewe tunamwita Mama Tiketi, naye dirisha lake lilikuwa chini, upande wa barabarani. Onyesho la kwanza alikuwa akiingia kutazama, ila karibu na mwisho ilimbidi atoke akauze tiketi za onyesho la pili; na la pili likianza, yeye yuko njiani kurudi kwa watoto. Basi miaka yote hiyo hakuona mwisho wa picha hata moja. Akawa anasimuliwa nyumbani na mumewe. Na kwa kuwa mama alikuwa ameshinda kutwa akigombana na foleni, mzee hakuwa na moyo wa kumwongezea msiba juu ya uchovu. Nyumbani kwao hakufa stelingi hata mmoja. Wote walioa.

Sasa meneja wetu wa leo, kwa nia njema kabisa, akaamua picha ya kumuaga iwe ile ya binti wa dobi na mpiga fidla. Ionyeshwe kwa mashine ya zamani, iliyofunikwa shuka tangu kompyuta zilipoingia. Na Mama Tiketi akae kiti cha katikati, asinyanyuke mpaka mwisho. Tulipiga makofi. Mzee Kidirisha hakupiga. Aliyeiona picha ile anajua kuwa binti wa dobi hufia stesheni, treni ikiondoka. Mama Tiketi ameshawasimulia wajukuu harusi ya binti huyo.

Mzee aliomba picha ibadilishwe. Bango lilikuwa limeshabandikwa. Akawa anatembea kama mtu aliyemeza ufunguo.

Ijumaa jioni binti alifia stesheni kama kawaida yake. Fidla ikaanguka. Mama Tiketi akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha, palipotakiwa kuandikwa mwisho, ukaingia mkanda wa katikati: binti yule yule, mzima, na shada kichwani, anacheza na mpiga fidla wake chini ya maua yanayomwagika. Mwanga ukapita juu yetu polepole, vumbi likaelea ndani yake. Ukumbi mzima uliijua ile picha. Halafu kutoka mstari wa mbele, sauti ya fundi cherehani, ambaye sasa ni babu: "Pacha!"

"Pacha!" ukumbi ukaitikia kwa vifijo.

Taa zilipowashwa tulimsindikiza Mama Tiketi hadi chini ya ngazi kumsubiri mumewe. Alikuwa anacheka huku anafuta macho. "Wanangu," akatunong'oneza, "binti wa dobi nilijua zamani kwamba alikufa. Watu walikuwa wakinipita dirishani wanapenga kamasi. Harusi gani hiyo ya kulia? Nilitaka tu kuona huyu bwana na uongo wake leo atatokea mlango gani."

Mzee Kidirisha, asante kwa mwanga. Tunakuombea mapumziko marefu, chai unayoweza kuimaliza ingali moto bila kukimbilia mkanda, na jioni nyingi kando ya Mama Tiketi. Akikuuliza iliishaje, mwambie bado.