Nashon Osewe na Bei za Jumanne

Wapendwa jamaa, majirani, watumishi wa Mungu na ninyi nyote mliofika katika uwanja huu wa kanisa, hapa Gatwekera, leo Alhamisi tarehe 9 Septemba 1999, familia inawaomba mketi mahali mlipo na msikilize maisha ya ndugu yetu Nashon Osewe, yaliyoandikwa kwa mkono nyumbani kwake na kukabidhiwa mdogo wake, Okoth, ayasome hapa kabla ya safari, na ayasome tena Jumamosi huko Nyakach kabla ya mwili kushushwa kaburini, bila kuruka hata mstari mmoja.

Marehemu Nashon alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji cha Kadiang'a, Nyakach, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Osewe, mkulima wa nyanya, ambaye tuko naye hapa leo, na mama Sella, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka wa 1996.

Alianza shule ya msingi pale pale kijijini mwaka wa 1971 na kuimaliza mwaka wa 1977, ila muhula wa pili wa mwaka wa 1975 aliukosa wote, kwa sababu broka aliyekuja na lori alimwambia mzee Osewe kwamba Nairobi nyanya zimejaa hadi zinatupwa, akazichukua kwa bei ya kutupa, karo ikakosekana, na hapakuwa na mtu kijijini aliyekuwa na njia ya kujua kama huko Nairobi kweli zilikuwa zinatupwa. Marehemu alisimulia jambo hili mara nyingi, na alipenda kusema kwamba siku ile baba yake hakushindwa na broka, alishindwa na umbali. Aliendelea na masomo ya sekondari kuanzia mwaka wa 1978, akapata cheti chake cha kidato cha nne mwaka wa 1981.

Mwezi wa Februari 1983 alikuja Nairobi, akapokewa na mjomba wake hapa Gatwekera, akafanya vibarua Industrial Area kwa miaka mitatu, na kutokana na vibarua hivyo akajilipia masomo ya kupiga taipu mjini. Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kuwa karani wa taipu katika shirika dogo la maendeleo ya vijijini lenye ofisi karibu na Olympic, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya hadi alipolazwa. Mwaka wa 1995 shirika lilipoleta kompyuta tatu, makarani wenzake walizikwepa wakidhani zimekuja kuwafukuza kazi, lakini yeye alikaa nazo kila siku saa ya chakula, hadi akawa ndiye anayeitwa zikigoma.

Ofisi iliponunua kompyuta mpya mwishoni mwa mwaka wa 1997, marehemu aliomba moja ya zile za zamani, akaruhusiwa, akaifunga kwa blanketi la kitanda chake, akasafiri nayo kwa basi akiwa ameipakata hadi nyumbani Kadiang'a, akaiweka katika chumba kimoja cha zahanati ya misheni, ambako kulikuwa na simu na umeme wa jua. Watu walikuja kuitazama wakiwa na viti vyao. Mzee mmoja aliuliza, "Na hii inakula nini, Nashon?" naye akajibu, "Inakula stima, baba, na ikishiba inasoma barua kutoka Nairobi kabla wino haujakauka," watu wakacheka, lakini mwalimu Austine, katibu wa kikundi cha wakulima cha Konyri, hakucheka, alivuta kiti karibu akaomba afundishwe.

Barua ya kwanza ya kompyuta ilitoka ofisini Olympic Jumanne tarehe 3 Machi 1998. Tangu siku hiyo, kila Jumanne kabla ya kazi, marehemu alitembea kwa miguu kutoka Gatwekera hadi soko la Kawangware, akafika wakati malori yanapakuliwa, akawasalimia wapakuzi, akawasaidia kubeba kreti mbili tatu, na baada ya hapo tu ndipo alipouliza bei, tena kwa watu watatu, kwa maana alisema bei ya mtu mmoja ni uvumi. Mchana aliipeleka kwa barua ya kompyuta, na Jumatano mwalimu Austine akaiandika kwa chaki kwenye ubao nje ya zahanati, ili mabroka wakifika Alhamisi wamkute kila mkulima anajua Kawangware imeamkaje. Msimu ule wa kwanza watu waliuza kwa bei ambayo hawakuwahi kuiona, na kina mama wa Konyri wakatuma salamu kwamba Nashon amewanunulia masikio ya Nairobi.

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Filister Amondi wa Karachuonyo Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993, katika kanisa hili. Filister alikuwa amemaliza darasa la nane, hakuendelea, lakini mwandiko wake ulikuwa safi, na kila Jumanne marehemu alirudi na bei zimeandikwa ovyo kwenye kiganja au kwenye kipande cha gazeti, naye mkewe akamnakilia vizuri kwenye daftari kabla hajaenda ofisini. Mungu aliwajalia watoto watatu, Celine aliyezaliwa tarehe 6 Novemba 1994, Oloo aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1997, na Sella, aliyepewa jina la nyanya yake, aliyezaliwa tarehe 30 Machi mwaka huu, na ambaye hatamkumbuka baba yake ila kwa kuambiwa.

Marehemu alianza kukohoa mwezi wa Aprili mwaka huu, akapatikana na kifua kikuu, na Alhamisi tarehe 10 Juni akalazwa katika hospitali ya Mbagathi. Jumanne ilipokaribia, alimwambia mkewe, "Mama Celine, niendee Kawangware, watu wangu wanangojea ubao."

Hapa familia inaomba utulivu, hasa mtakaposomewa maneno haya kule nyumbani, maana hiyo ndiyo sababu yaliandikwa.

Jumanne tarehe 15 Juni Filister alifika Kawangware saa moja asubuhi, mtoto mgongoni na daftari mkononi. Filister ni mtu ambaye hata kanisani huketi kiti cha nyuma, na hakuwahi kusimama mbele ya wanaume wageni akawauliza neno. Alisimama kando ya malori, wapakuzi wakapita wakimkwepa na kreti begani, mmoja akapaza sauti, "Siste, hapa si maktaba, nunua ama usonge!" na mwingine akamjibu, "Wacha yeye, huyo ni wa kanjo, ametumwa na baraza la jiji kuhesabu nyanya zetu," wakacheka wote. Akaona haya, akafunga daftari, akaondoka pale bila kuuliza, akazunguka upande wa juu wa soko ambako akina mama huuza kwa mafungu, akamuuliza mama mmoja bei ya fungu, na kreti moja hutoa mafungu mangapi, akazidisha, akaandika jibu. Hesabu yake haikuwa na kosa. Lakini ile haikuwa bei ya lori, na kati ya lori na fungu kuna mbebaji, kuna kodi ya kibanda, kuna nyanya zilizopondeka njiani, na kuna riziki ya yule mama, na mtu akiyazidisha hayo yote pamoja hupata bei ambayo hakuna mkulima amewahi kulipwa. Filister aliona kwamba imekaribia mara mbili ya wiki iliyotangulia, akajiambia kwamba labda zimepanda, maana kurudi kwenye malori kulimtisha kuliko kukosea.

Aliipeleka karatasi ofisini kwa Bi. Sabah, aliyefanya kazi pamoja na marehemu, ambaye aliituma jinsi ilivyoandikwa. Jumatano ikaingia ubaoni. Alhamisi mabroka walifika, wakataja bei yao, ambayo safari hiyo ilikuwa ya haki, na wakulima kumi na tisa wa Konyri wakawaonyesha ubao na kuwacheka, malori yakaondoka matupu, hayakurudi, na kufikia Jumanne iliyofuata nyanya za watu kumi na tisa zilikuwa zimeoza kwenye kreti, nyingine zikamwagwa mtoni.

Barua ya mwalimu Austine ilisomwa kando ya kitanda cha marehemu. Akamuuliza mkewe kwa upole, "Uliuliza kwa nani?" naye akasema, kwa mama wa mafungu. Marehemu alifumba macho, akamwambia achukue kalamu, akamtamkia jibu, kwamba yeye Nashon ndiye aliyekosea bei kwa sababu ya homa, na kwamba asilaumiwe mtu mwingine. Filister alikataa kuandika. Marehemu akamwambia, "Andika, Mama Celine. Mimi ni mtoto wao, na mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Wewe ni mke wa kuolewa, iko siku utakaa kati yao bila mimi, na hawatalisahau kosa lako." Ndipo akaandika, kwa mwandiko wake mwenyewe, uongo uliomlinda.

Lakini kiganja kilikatwa. Jumamosi tarehe 3 Julai kikundi kilikutana, jina la Nashon likafutwa, ubao ukafutwa, kompyuta ikafunikwa kwa gunia, na ikasemwa mbele ya watu kwamba hakukosea, bali amekula na mabroka. Neno hilo lilimfikia Mbagathi. Alimfundisha tu mkewe namna ya kufika kwenye malori, aanze kwa salamu, asaidie kushika hata kamba, ndipo aulize, tena kwa watatu, na kila Jumanne kuanzia tarehe 6 Julai Filister alikwenda, akauliza, Bi. Sabah akatuma, ingawa hakuna aliyejibu wala aliyeshika chaki. Mara mbili wauguzi walimkuta marehemu ameketi kitandani Jumanne mchana na daftari, akilinganisha bei za wiki kwa wiki, akisema mwezi wa Agosti ungekuwa mzuri kwa watu wa nyumbani.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Agosti, dawa zikiwa hazishindi tena, na Ijumaa tarehe 3 Septemba 1999, saa kumi jioni, alikata roho mkewe akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lenye kueleweka lilikuwa kuuliza kama kule nyumbani wameandika, na Filister alimwambia kwamba wameandika, naye anaomba radhi mbele ya kanisa kwa sababu hawakuwa wameandika.

Jumatatu iliyopita tuliletewa habari kwamba wanakikundi wa Konyri hawatashika jembe kuchimba kaburi la Nashon, wala wake zao hawatafika kupika. Familia haina ugomvi nao, kwa sababu aliyepoteza msimu mzima ana haki ya kununa. Lakini ninyi mnaojua kwamba mtu hazikwi na ndugu zake peke yao, mjue pia kwamba mnamnunia asiyehusika. Nashon Osewe hakula na broka yeyote, hata chai. Hakukosea bei hata Jumanne moja kati ya zote alizokwenda mwenyewe. Aliyekosea ni mkewe Filister, kwa haya na kwa woga, na yeye atakuwako Jumamosi, na baada ya Jumamosi hataondoka kurudi Nairobi hadi matanga yaishe, atakaa nyumbani kwa mzee Osewe, mlango wazi, na mwenye neno lililobaki amletee yeye. Haya ameyaandika yeye, na amempa Okoth ayasome kwa sababu tu sauti yake haifiki mbali. Kama ni kumwita kikundini asimame, atasimama. Analoomba ni moja, kwamba kaburi lichimbwe na mikono iliyompenda kabla ya mwezi wa Juni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbagathi waliomhudumia bila kumwogopa, Mama Fatna, mwenye nyumba wetu, aliyewalisha watoto miezi hii yote na kusema, "Hawa ni wajukuu wangu, msinitajie kodi," Bi. Sabah na wafanyakazi wa ofisi ya Olympic waliotoa gari la kumsafirisha, wanachama wa kanisa hili, na majirani wa Gatwekera waliolala nje nasi. Tunamshukuru pia bwana Sifuna, msimamizi wa wapakuzi wa Kawangware, ambaye Jumanne hii malori yalipofika aliwanyamazisha vijana wake kwa ajili ya Nashon, kisha akampa Filister bei mwenyewe kabla hajaulizwa, akisema, "Kilio ni kilio, mama, lakini nyanya hazingoji, andika."

Bei hizo zimeandikwa na zimetumwa. Mwalimu Austine atazikuta akiondoa gunia, na asipoliondoa, Filister amezibeba kwa karatasi.

Nashon, mzigo ulioubeba haukuwa wako, na leo umeshushwa mbele ya watu na kurudishwa kwa mwenyewe. Nenda nyumbani ukiwa mwepesi. Pumzika sasa, baba Celine, pumzika kwa amani.