Sufuria Mbili za Uji wa Nzi

Baada ya miaka ishirini na minne ya kupika uji wa nzi, Mzee Elphas Kweyu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Naam, uji wa nzi. Wageni wakicheka hapa maabarani kwetu Donholm, yeye huwakaribisha waonje kwanza.

Alianza mwaka 2001 akiwa kibarua. Kila asubuhi alikoroga unga wa mahindi, sukari na hamira, akawamiminia nzi wa matunda chupani, kisha akahesabu waliokufa na kuandika daftarini. Hivyo ndivyo tunavyochunguza uzee: nzi huzeeka kwa wiki chache tu, na jeni zao nyingi zinafanana na zetu. Kule kwake Njiru majirani walinunua dawa ya kuua nzi, yeye akilipwa kuwalisha. Mkewe, Mama Winny, alimkataza kabisa kuitaja kazi hiyo mbele ya wakwe.

Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu hapa, tena mwenye maringo. Nilikuwa nimezima jeni moja katika kundi moja la nzi, nao wakaishi wiki mbili zaidi ya wenzao. Wallahi, nilitembea kwa madaha! Dkt. Andati, mkuu wetu wakati huo, akabandika mchoro wangu ukutani. Mzee Kweyu aliutazama sana.

Siku ya tatu alikuja ofisini na daftari lake. Alieleza kwamba hamira ilikuwa imepungua stoo, na kwa kuwa jiko letu lilikuwa dogo, kila asubuhi alikuwa akipika sufuria mbili. Ya kwanza ilipata hamira kamili, ya pili ikapata iliyobaki. Hiyo ya pili ndiyo waliyolishwa nzi wangu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa mezani kwa Dkt. Andati ikisubiri sahihi. Alisema yote akiwa amesimama.

Tulirudia jaribio kwa hamira sawa. Tofauti ikayeyuka, na tasnifu yangu nayo. Nilimnunia miezi minne, jamani, hata akiniita mwanangu sikuitika.

Hasira zilipopoa nikajiuliza mbona nzi waliopunjwa hamira waliishi zaidi. Tulipima, tukaona chakula kikipungua, jeni za ukuaji hupunguza kazi, na zile za kukarabati mwili huongeza. Jeni ni zilezile, ila utendaji wake umebadilika. Watafiti wa kwingine walishayaona hayo, lakini shahada yangu niliipata kwa swali hilo, na swali lilitoka kwenye daftari lake.

Barua yake ilitiwa sahihi mwaka mzima baadaye. Hajawahi kuambiwa kwa nini.

Mzee Kweyu, wakati ule Dkt. Andati aliniuliza kama uajiriwe, nami kwa hasira nikasema tungoje kwanza. Ulikuwa na watoto watatu shuleni, na nilijua. Wewe ulikiri siku ya tatu. Mimi nimechukua miaka kumi na mitano, na bado nimejificha nyuma ya karatasi hii ya sherehe ya kukuaga. Nisamehe.

Maabara nzima inakuombea uzee mrefu wenye afya, wewe na Mama Winny. Jumapili nitakuja Njiru nikuombe radhi ana kwa ana. Usiponifungulia mlango, nitaelewa.

Nuha Twalib