Mama Pasi, Aliyeimwaga Ndoo

Tarehe 6 Juni 2009 marehemu alimwaga ndoo ya maji mahali pasipostahili. Akalaumiwa mdogo wake, na marehemu akanyamaza. Mwenyewe aliomba jambo hili lisomwe leo kabla ya mengine yote, na familia imeliheshimu ombi lake.

Marehemu, tuliyezoea kumwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 19 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Mdogo wake huyo alimfuata baada ya miaka saba, kisha akaja kaka yao, kitinda mimba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975 na kumaliza darasa la saba. Mwaka aliomaliza ndio ambao mdogo wake angeanza, lakini mama yao aliugua na mtoto mchanga akahitaji wa kumbeba. Mgongo uliopatikana ulikuwa wa yule binti wa miaka saba. Hakuwahi kukaa kwenye dawati. Tangu hapo marehemu ndiye aliyekuwa macho yake: barua, vibao vya njiani, maandishi kwenye chupa ya dawa, vyote alimsomea.

Mwaka 1979 aliajiriwa kupiga pasi katika nyumba moja ya wageni, na huko ndiko alikopata jina lake. Shati likitoka mikononi mwake, mwenye nalo aliona haya kukaa. Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi seremala, mtu mpole wa maneno machache. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Fundi alifariki mwaka 2006, na nyumba ikawa kubwa kwa mtu mmoja.

Ndipo alipomwambia mdogo wake, ambaye naye mume alikuwa amemkimbia, "Twende misheni tukajitolee. Masista wanatafuta watu, na jioni wanafundisha watu wazima kusoma. Utasoma, mdogo wangu."

Walifika Jumatatu, tarehe 4 Februari 2008. Walipewa chumba chenye vitanda viwili vya chuma na dirisha linalotazama kamba za kuanikia. Marehemu alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili. Mama Mlezi, sista mkuu wa jumuiya, alimtazama miguuni akamuuliza, "Umekuja kufanya nini, mama?"

"Kumtumikia Mungu."

"Vizuri. Leo ana mashuka sitini."

Mdogo wake alicheka hadi akashika ukuta. "Dada, ulisema tunakwenda kwa Mungu, mbona tumefikia kwenye beseni?"

"Nyamaza wewe, shika upande wa pili tukamue."

Kuzoea kulichukua muda. Kengele ya alfajiri ilimfanya marehemu aruke kitandani akitafuta moto ulipo. Kimya cha mezani kilimtesa kuliko kufua, kwa kuwa alipenda maneno. Kila mtu wa kujitolea alipewa kikombe chake cha bati, kimefungwa uzi wa rangi kwenye mkono. Aliyeondoka kwa heri aliondoka nacho. Aliyefukuzwa, kikombe chake kilifunikwa mdomo chini kwenye rafu ya juu, wote wakione. Cha marehemu kilikuwa na uzi mwekundu, cha mdogo wake uzi wa buluu.

Ukutani pa chumba cha kufulia palikuwa na tangazo. Marehemu alimsomea mdogo wake siku ya kwanza, naye akalishika kwa moyo: maji ya suuza ya kwanza ya vitambaa vya altare yamwagwe kwenye shimo kando ya kanisa, kwani yamegusa kitu kitakatifu. Yasimwagwe penginepo.

Siku ile ya Juni palikuwa na wageni wengi na kazi ilikuwa ya mbiombio. Marehemu alichukua ndoo akidhani ni maji ya vyombo, akaimimina kwenye hori la nguruwe, akarudi kwenye pasi yake. Mdogo wake aliikuta ndoo tupu, akaiokota aioshe. Mama Mlezi alimkuta nayo mkononi, na kitambaa kimoja cheupe kilikuwa kinaelea horini.

"Tangazo liko hapa kwa herufi kubwa," Mama Mlezi alisema mbele ya jumuiya nzima. "Lakini asiyejua kusoma tumlaumu nini? Tulikosea sisi kumpokea."

Aliyejua kusoma alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, pasi mkononi, akitazama chini.

Jumatatu marehemu alimsindikiza mdogo wake, aliyekuwa amefukuzwa, hadi getini. "Nitasema. Ngoja wageni waondoke." Wageni waliondoka. Ilipita miaka kumi na minne. Mdogo wake alirudi kufulia watu, na mtaani wakamwita Mama Nguruwe. Katika darasa la jioni alikuwa amefika herufi ya M.

Tusifiche mema yake. Marehemu alifua, alipiga pasi na aliwapokea wageni wapya kwa upole, akiwakataza kuja na viatu vya Jumapili. Figo zilipomlemea, Aprili 2023, misheni ilimrudisha nyumbani, na aliyempokea, akamwogesha na kumgeuza kitandani, ni huyo mdogo wake.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti, alimwita Mama Mlezi. Akasema mbele ya binti yake, "Ile ndoo niliimwaga mimi."

"Hayo ya zamani, Mama Pasi. Pumzika," Mama Mlezi alijibu, akaaga.

Marehemu akamgeukia mdogo wake. "Nisamehe."

"Lala upande huu, mgongo utachubuka."

Jibu lilikuja Jumanne, wakati wa kumbadilisha shuka. "Nimekusamehe, dada. Ila msamaha wangu haunirudishii jina."

"Basi jambo hili lisomwe siku ya kunizika," marehemu alisema. "Masista hawatakosa kuja."

Alifariki Jumatano, tarehe 23 Agosti 2023, saa nne asubuhi. Shuka lililomfunika lilipigwa pasi na mdogo wake.

Ameacha binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na mdogo wake wa kike. Ameacha pia kikombe chenye uzi wa buluu, ambacho hadi leo bado kimefunikwa kwenye rafu ya juu kule misheni. Marehemu ametimiza sehemu yake, ingawa kwa kuchelewa. Iliyobaki ni ya Mama Mlezi, ambaye tunamshukuru kwa kuwa nasi leo: kusema mbele ya jumuiya ileile, kwa sauti ileile, kwamba asiyejua kusoma hakukosea, na kukigeuza kikombe kile kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Pasi, Mungu akupokee. Pumzika, dada, ndoo umeshaitua.