Ukimya wa Sebule ya Tulieni

Ndugu, jamaa na majirani, aliyelala mbele yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Tulieni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa tatu wa fundi redio na mkunga, ambao wote wametangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993, akaajiriwa na studio ya picha kupiga video za harusi, na mwaka 1998 akaongoza video yake ya kwanza ya muziki, akiwa amekaa na kamera kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima ili picha iteleze, mdogo wake, anayewasomea historia hii, akimsukuma. Aliongoza video zaidi ya sitini, na wenye macho watakumbuka kwamba gari jekundu la jirani yetu daktari wa meno lilionekana katika nyingi kati ya hizo, kila mwimbaji akijifanya ni lake.

Tarehe 14 Desemba 2002 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akiwashonea wacheza dansi wake, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2009 aligeukia filamu, walimwengu wakasema ameacha mbachao kwa msala upitao, naye akatoa tatu, na miaka ambayo filamu zilikwama aliandika riwaya mbili juu ya meza ya cherehani, akimsomea mkewe kila sura naye akishona, na sura ambayo haikumfanya mkewe asimamishe cherehani ilichanwa.

Jina la Tulieni alilipata kazini, maana kabla ya kuondoka katika chumba chochote aliwataka watu wote wasimame kimya nusu dakika, mtu wa sauti arekodi ukimya wa chumba hicho, unaotandikwa chini ya maneno ya waigizaji ili mahali sauti zilipounganishwa pasisikike, naye aliamini kwamba kila chumba kina ukimya wake, na hubadilika hata mtu mmoja akitoka.

Filamu ya nne aliipiga humu sebuleni, akiwa tayari anaumwa mapafu, na kila ukimya uliporekodiwa uliharibiwa na kikohozi chake mwenyewe, akaomba radhi huku akicheka, mkewe akacheka naye, kisha akaenda jikoni kulia. Mkewe alimsihi atoke nje kidogo tu, kazi iishe, marehemu akakataa katakata, kwamba sebule bila yeye si sebule ile, na asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, akipelekwa hospitali, alimwambia mkewe amsubiri, akirudi hatakohoa. Alifariki tarehe 21 Juni, alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi chini siku zote hizi, na wenzake wa kazini, akiwemo mtu wa sauti, ambaye amesimama pale mlangoni kwa ombi la mjane, maana tangu jeneza liingie jana mjane anasema mumewe ametimiza ahadi, ahadi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyetaka itimizwe hivi.

Kwa hiyo, kabla hatujamtoa, tunawaomba msimame nusu dakika, simu zizimwe, kilio tukimeze kidogo, na yale maneno ya pumzika kwa amani kila mmoja amwambie moyoni mwake, kwa kuwa kinasa sauti kimeshawashwa.