Somo la Kumi na Nne

Prisca: Haloo, duka la dawa za mifugo, Usa River. Naongea na nani?

Lucky: Shikamoo, dada Prisca!

Prisca: Shikamoo? Una miaka mingapi wewe?

Lucky: Ishirini na tisa, dada.

Prisca: Mimi ishirini na nane. Irudishe mfukoni hiyo shikamoo, useme shida yako.

Lucky: (anacheka kidogo) Sawa, sawa. Naitwa Lucky. Nina ofisi ya kutengeneza tovuti hapa Ola— (mtandao unakwaruza) —siti. Wewe si ndiye mwenye ile blogu ya masomo ya tovuti kwa Kiswahili?

Prisca: Ndimi. Namba yangu umeitoa wapi? Kwenye blogu sijaiweka.

Lucky: Nimeikuta ndani ya faili.

Prisca: Faili gani?

Lucky: La ile programu yako ya matangazo. Ile ya bure.

Prisca: Ile ya huria. Siyo ya bure kama maji ya mtoni. Namba niliiandika mstari wa pili, kwa mtu atakayekwama. Mstari wa kwanza kuna nini?

Lucky: Mstari wa kwanza... ngoja nitazame.

Prisca: Lucky?

Lucky: Jina lako.

Prisca: Enhee. Kumbe unaona. Endelea.

Lucky: Sasa, dada, kuna usharika mmoja wa kanisa huku walinipa kazi ya tovuti. Nikaona programu yako inafaa, nikaitumia. Ni nzuri mno, hongera sana.

Prisca: Hongera weka pembeni. Nini kimeharibika?

Lucky: Hakijaharibika kitu. Ni tangazo moja tu, halifutiki. Naingia kwenye ukurasa wa kuandikia matangazo, silioni. Natoka nje, lipo. Nimehangaika nalo tangu asubuhi.

Prisca: Ulifika somo la ngapi?

Lucky: La kumi na nne.

Prisca: Na la kumi na tano?

Lucky: Kufika la kumi na nne tovuti ilikuwa imeshapendeza.

Prisca: Imeshapendeza! (kwa mteja) Mzee Lemburis, hiyo ni ya kuogeshea, siyo ya kunywesha. Utaua ng'ombe. Nakuja sasa hivi. (kwenye simu) Haloo? Sikiliza, mtaalamu. Somo la kumi na tano, sentensi ya kwanza kabisa, nimeikoleza wino: futa matangazo yote ya mfano kabla hujaweka tovuti hewani. Sentensi moja. Ingekuchukua muda gani kuisoma?

Lucky: Dada, nilikuwa na haraka. Uzinduzi ulikuwa jana, Jumapili—

Prisca: Tena kulikuwa na uzinduzi!

Lucky: Baada ya ibada ya pili. Mchungaji alikata utepe.

Prisca: Utepe wa tovuti? Waliufunga wapi?

Lucky: Kwenye projekta.

Prisca: (anacheka) Jamani. Na wewe ulikaa wapi, mbele?

Lucky: Mbele, ndiyo. Walinivisha shuka.

Prisca: Walikuvisha shuka.

Lucky: Ni heshima tu, dada. Mchungaji akasema kijana huyu ana kipaji.

Prisca: Chini kabisa ya ukurasa, pale palipokuwa na jina langu. Sasa hivi pana nini?

Lucky: Pana jina la kampuni.

Prisca: Kampuni ina watu wangapi?

Lucky: Niko mimi. Na binamu yangu ana printa.

Prisca: Ana printa! Basi mko wengi. Lucky, nikwambie kitu?

Lucky: Dada, niambie, ila tafadhali kwa kifupi, kuna watu wananisubiri—

Prisca: Wasubiri. Miaka sita naandika ile blogu. Masomo arobaini na moja, yote nimeyaandika saa ya chakula cha mchana hapa dukani, katikati ya dawa za minyoo, kwa kompyuta ambayo herufi M haishuki mpaka uikandamize kwa kidole gumba. Sijamwomba mtu hata asante. Leseni yangu ina sentensi tatu. Chukua. Badilisha upendavyo. Jina liache. Hiyo ya tatu ndiyo ilikushinda?

Lucky: Nilidhani wateja wata—

Prisca: Watadhani nini? Kwamba imeandikwa na muuza dawa za mbuzi? Nyinyi wenye ofisi mnanichekesha. Mnavaa tai, mnachapisha kadi zenye picha ya kompyuta, halafu mkiombwa kubadilisha rangi ya kichwa cha habari mnatoka jasho. Mwaka jana kuna mwingine alikopi masomo yangu yote tisa ya mwanzo akayaweka kwake. Alikopi mpaka mahali niliposema "jana nilikuwa na mafua." Mwanamume mzima anatangaza mafua yangu!

Lucky: Mimi siyo kama huyo.

Prisca: Wewe ni zaidi. Yeye hakuvishwa shuka.

Lucky: Dada Prisca, nakiri. Nimekosa. Sasa nielekeze tu hilo tangazo liko wapi, nilitoe, halafu jioni nakaa natulia, naweka jina lako vizuri—

Prisca: Jina kwanza.

Lucky: Dada—

Prisca: Jina kwanza, ndipo nifungue mdomo. Niko hapa. Dawa haziozi.

Lucky: Hujui kinachoendelea huku.

Prisca: Najua. Mchungaji ameuliza mbona kuna mnada wa ng'ombe kwenye tovuti ya kanisa. Mwache aulize. Andika: Imeandikwa na Prisca Mbise, Usa River. Herufi nene, isomeke hata kwa bibi asiye na miwani.

Lucky: Siyo la mnada, lile la mnada halionekani, linatokea la mwisho tu. Ni lile ling— (mtandao unakwaruza) 

Prisca: Sikusikii. Unaandika?

Lucky: (anashusha pumzi) Naandika. Prisca... Mbise... Usa River. Ngoja ipande. Mtandao wa leo nao... Haya. Imepanda. Ipo hewani.

Prisca: Kweli?

Lucky: Haki ya Mungu. Fungua uone.

Prisca: Nafungua na nini, niko kwenye simu ya kitochi, na kompyuta leo haina bando. Nisomee. Nataka kulisikia.

Lucky: "Imeandikwa na Prisca Mbise, Usa River."

Prisca: Rudia.

Lucky: "Imeandikwa na Prisca Mbise, Usa River."

Prisca: Haya. Umeona kuna mtu aliyekufa? Sasa nisomee hilo tangazo lako sugu, nijue ni lipi kati ya yale matatu. Niliweka la harusi, la mnada na la... Lucky. Nisomee.

Lucky: "Tangazo la msiba. Familia ya Sumari wa Momela inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao Brayson Sumari, dereva wa watalii, aliyefariki baada ya kuugua kisukari kwa muda mrefu. Mazishi yatafanyika nyumbani siku ya—"

Prisca: Kisukari? Mimi sikuandika kisukari.

Lucky: Uliandika "kiburi." Nikajua umeteleza, nikakusahihishia kwa kubadilisha neno hilo kwenye mafaili yote kwa mpigo.

Prisca: Mungu wangu. Ulisoma! Yaani ulilisoma lote, ukaona, ukasahihisha, ukaliacha!

Lucky: Nilidhani ni marehemu wa kweli. Nani anaweka msiba wa mchezo?

Prisca: Ni mfano! Kiburi, Lucky! Umeona wapi mtu kafa kwa kiburi? Mtoto wa darasa la tatu angejua ni utani.

Lucky: Utani wako huo uko wapi sasa? Dada, tangu jana watu wamelituma kila mahali. Lilifika kwenye grupu la Momela usiku huohuo. Asubuhi wameshafunga turubai kwa mama yake. Kwaya ya akina mama imefika. Watu wanapanda na mikungu ya ndizi na kuni. Mzee wa kanisa amenipigia mara nne anauliza nani alileta tangazo.

Prisca: Si wampigie Brayson mwenyewe!

Lucky: Hapatikani. Yuko porini na wageni tangu Ijumaa, hakuna mtandao. Ofisini kwao wanasema anarudi kesho. Watu wanasema masikini, kumbe alikuwa anaficha ugonjwa.

Prisca: Na mama yake?

Lucky: Wamemlaza ndani. Ndivyo nilivyoambiwa. Presha.

Prisca: Na wewe umeniacha nikubishie jina robo saa nzima!

Lucky: Ulisema jina kwanza. Ulisema dawa haziozi.

Prisca: Fungua mafaili. Haraka. Kuna folda inaitwa "mfano." Umeiona?

Lucky: Mfano... mfano... Nimeiona.

Prisca: Ndani yake kuna faili moja. Lifute. Usilihariri, usisahihishe chochote, nakuomba, futa faili zima.

Lucky: Linauliza kama nina uhakika.

Prisca: Lijibu ndiyo, Lucky!

Lucky: Ndiyo. Limetoka. Napandisha... Inazunguka. Dada, nikuulize? Huyo Brayson ni nani kwako?

Prisca: Jina la mfano.

Lucky: Na Momela? Na udereva wa watalii?

Prisca: Inazunguka bado?

Lucky: Bado.

Prisca: Alileta barua ya posa nyumbani kwetu. Baba akaijibu. Mwezi uliofuata Brayson akasema mwanamke wa kukesha na kompyuta hamtaki, eti blogu yangu naisoma mimi na kivuli changu. Akaenda kuoa Karatu. Siku aliyonikataa ilikuwa zamu ya somo la kumi na nne. Nilihitaji marehemu, nikamweka. Nilisikia raha kweli, sikufichi. Nilicheka peke yangu hapa dukani. Nikajua hata akisoma ataona aibu tu, na hatasoma, maana hakuna anayesoma.

Lucky: Mimi nilisoma.

Prisca: Wewe ulisahihisha. Imemaliza?

Lucky: Imemaliza! Nimefungua upya. Hakuna msiba. Asante Yesu. Dada, umeniokoa, nakwambia—

Prisca: Usinishukuru. Mpigie mzee wa kanisa. Sasa hivi. Mwambie Brayson hajafa, tangazo lilikuwa la mfano. Mwambie atume mtu akamwambie mama yake kabla ya— Lucky, yule mama bado ananiita mkwe. Mtoto wake ameoa Karatu, yeye Jumamosi akishuka sokoni anapita hapa na parachichi. Anakaa kwenye hilo benchi, ananiuliza kompyuta yangu haijambo.

Lucky: Nampigia. Ila... dada.

Prisca: Nini tena?

Lucky: Kuna mtu ametuma skrinshoti kwenye grupu. Dakika mbili zilizopita. Kabla hatujafuta.

Prisca: Si walishatuma tangu jana?

Lucky: Hii ni mpya. Ina jina lako.

Prisca: Jina langu si liko chini kabisa ya ukurasa?

Lucky: Uliniharakisha. Nililiweka popote lilipoingia. Limekaa chini ya tangazo palepale. "Mazishi yatafanyika nyumbani. Imeandikwa na Prisca Mbise, Usa River." Kwa herufi nene. Watu wanaandika chini yake. Mmoja anasema, kumbe ni yule mchumba wake wa zamani. Mwingine anasema... basi, hilo sikusomei.

Prisca: Soma.

Lucky: Sisomi, dada. (mtandao unakwaruza) Haloo? Nafanyaje? Nikane? Naweza kusema tovuti imeingiliwa na wezi wa mtandao. Watu wanaamini hiyo, kila siku wanasikia watu wameingiliwa. Nikisema hivyo tumepona wote wawili. Wewe na mimi.

Prisca: Ngoja. Kuna simu nyingine inagonga.

Lucky: Nani?

Prisca: Mama Brayson.

Lucky: Usipokee! Subiri kwanza mzee wa kanisa afike kule, amweleze—

Prisca: Amelazwa, ana presha, anajua mwanawe kafa, na amenitafuta mimi. Unajua kwa nini?

Lucky: Ameona skrinshoti.

Prisca: Au hajaiona. Labda ananipigia nikamsaidie kulia. Sijui lipi ni baya zaidi.

Lucky: Sema tovuti imeingiliwa. Mara moja tu. Mimi nitathibitisha.

Prisca: Wewe huwezi kuthibitisha hata somo la kumi na tano. Kata simu.

Lucky: Basi nilitoe jina? Bado lipo pale chini, peke yake, halina tangazo juu. Nalitoa sasa hivi, ni sekunde moja, tunasema hukuhusika. Dada? Nilitoe?

Prisca: Liache.

Lucky: Lakini watu wata—

Prisca: Liache, Lucky. Niliandika mimi. Kata, bado inagonga.

Lucky: Haya, dada, pole san—